Beseni Si Mila: Matanga, Maji na Kipindupindu Hapa Uvira

Wenzetu wanaoandika katika vijitabu kama hiki huzungumza juu ya mahari, juu ya majina ya mapacha, juu ya ngoma na hadithi za jioni. Sisi tumechagua kitu kidogo ambacho pengine kitawachekesha: beseni la kunawia mikono. Kitu hicho kiko katika kila nyumba, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, na kutoka hapo kushuka kando ya ziwa mpaka Makobola, Mboko na Baraka. Kinatolewa mbele ya chakula, kinazunguka, kinarudi jikoni. Nani atakaa chini aandike juu ya beseni? Lakini beseni hilo lilitufundisha jambo ambalo hatukulipata chuoni tulikosomea ualimu, na tulikaribia kulipa bei kubwa sana kwa somo hilo.

Sisi tunaoandika mistari hii tunafundisha biolojia na kemia katika shule moja ya sekondari hapa Uvira. Kila mwaka somo la magonjwa ya kuambukiza linafika. Tunachora ubaoni kijidudu cha kipindupindu, chenye umbo la koma na mkia mmoja. Tunaandika chini yake: kinatoka katika choo cha mgonjwa, kinaingia kinywani mwa mzima, kwa njia ya maji, chakula, mikono na nzi. Wanafunzi wananakili, siku ya mtihani wanapata pointi zao. Mwalimu naye anafunga daftari, anarudi nyumbani. Na nyumbani ndiko habari hii ilikotokea.

Matanga ya baba mdogo

Mwaka 2013 baba yetu mdogo, mvuvi wa ndagala, alianza kuharisha usiku kwenye saa tatu. Kilichotoka kilikuwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Watu wa nyumbani walijua kabisa ni nini, lakini hakuna aliyetamka jina. Kipindupindu kwetu kina haya. Jirani akisikia kwamba kimeingia kwako, anasema nyumba ile iko na uchafu. Tena usiku ule njia hazikuwa salama, mtu hakutembea ovyo. Wakasema: "Tungoje kuche."

Kulipokucha macho yake yalikuwa yameingia ndani, sauti imekwisha, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda majini. Tulimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati na kijana mmoja nyuma akimshikilia. Kule kituoni walitafuta mshipa wa kutia serumu, lakini mishipa ilikuwa imelala. Ulipopatikana mmoja, mzee alikuwa amekwisha kutuacha.

Hatumlaumu mtu, tunajilaumu sisi wenyewe. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza maji karibu lita moja kila saa. Asipotibiwa, kati ya wagonjwa wakali wawili mmoja anaweza kufa, pengine katika saa chache tu. Akirudishiwa maji mapema, kwa kunywa au kwa mshipa, hafi hata mmoja kwa mia. Kati ya hesabu hizo mbili hakuna dawa ya ajabu. Kwa baba mdogo kulikuwa na usiku mmoja wa kungoja.

Mwili wake haukurudi nyumbani. Ulinyunyiziwa klorini, ukafungwa, ukazikwa siku ileile. Shangazi yetu, dada yake mkubwa, hakuruhusiwa kumwosha wala kumgusa. Alikaa chini penye vumbi, akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Wamemuzika mudogo wangu kama muzigo wa bandari."

Kwa sababu mazishi hayakufanyika kama inavyotakiwa, familia ilisema matanga sherti yafanyike vizuri. Ndugu walitoka huku na huku, wengine kwa mtumbwi. Robine ya mtaa ilikuwa kavu tangu siku kadhaa, kwa hiyo vijana walichota maji ziwani, palepale watu wanapofulia na kuogea. Mama zetu walipika ugali na ndagala. Halafu beseni likatoka.

Lilianza kwa wazee, kama heshima inavyodai. Likapita kwa baba, kwa wakwe, kwa vijana. Watu karibu sitini, mabeseni mawili, maji yaleyale. Lilipotufikia yalikuwa ya kijivu, na mafuta yakielea juu. Tuliyatazama. Sisi tuliokwisha kuchora kile kijidudu ubaoni mara nyingi, tulijua tunachokitazama. Lakini wazee nao walikuwa wanatutazama. Kukataa beseni la matanga ni kuwaambia watu wako: ninawaona wachafu, sitaki kushirikiana nanyi katika msiba. Tukachovya mikono. Kisha tukamgeukia binti yetu wa miaka sita, tukamwambia: "Nawa, mama." Akanawa.

Siku ya tatu watu wanne waliugua, na binti yetu alikuwa mmoja wao. Safari hii hatukungoja kuche. Mama yake alianza kumnywesha tangu choo cha kwanza: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogo kidogo, hata akitapika anangoja kidogo anaendelea. Usiku uleule tukamfikisha kituoni. Alilala siku mbili kwenye serumu. Alipona, na wale watatu wengine walipona.

Hatuwezi kuapa kwamba ni beseni. Pengine ni maji ya ziwa yaliyonywewa, pengine ni sahani zilizooshwa kwa maji hayo, pengine ni choo kilichotumiwa na watu wengi. Wengi wanaoingiwa na kijidudu hiki hawaugui hata kidogo, au wanaharisha kidogo tu, na huku wanakitoa chooni kwa siku kadhaa. Mtu kama huyo anaweza kukaa karibu nawe akicheka. Lakini tunajua neno tulilolisema kwa kinywa chetu, kwa mtoto aliyetuamini.

Ugonjwa wenye miguu ya watu

Watu wengine hapa kwetu wanafikiri kipindupindu ni mwana wa ziwa, kwamba kimekuwako tangu babu zetu. Si kweli. Ugonjwa huu unasafiri na watu, nasi tuko njiani tangu zamani. Mwaka 1858 Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji, walikuta kituo cha wafanya biashara ya pembe na watumwa. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alitoa kitabu mwaka 1876 juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, akaonyesha jinsi kilivyofuata njia za misafara na za majahazi.

Kipindupindu cha siku zetu kilianza mwendo wake Indonesia mwaka 1961, kikaingia Afrika mwaka 1970, na kwenye miaka ya mwisho ya 1970 kikafika mashariki ya nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, kwa njia ya Ziwa Tanganyika. Tangu hapo hakikuondoka. Soko, uvuvi, mitumbwi ya Burundi na Tanzania, vyote vinakibeba. Vita vinakibeba zaidi. Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma bila maji wala vyoo, watu walikufa maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Na mwaka 1996, vita vilipoingia kwetu, tulikuwa vijana wa shule; tulikimbia kando ya ziwa, tukanywa maji tuliyoyakuta. Nani angeuliza kama yamechemshwa?

Neno la shangazi

Siku ya kuondoa matanga familia ilikutana tena. Mbele ya chakula tuliomba ruhusa, tukasimama. Tulieleza juu ya kijidudu, juu ya mikono, tukasema tunaomba beseni lisitumike tena katika familia yetu. Tulisema vizuri, kama darasani. Pengine hilo ndilo lilikuwa kosa.

Baba mkubwa alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akajibu: "Mwalimu, unataka kutuonyesha kama sisi tuko bachafu? Bazee betu balinawa pamoja, balikula pamoja ku sahani moja. Unataka kila mutu akule kwake kama Muzungu?" Watu wakaguna kumwunga mkono. Hatukuwa na jibu. Tulijua sayansi, lakini tulikuwa tunapigana na neno "pamoja", na neno hilo ndilo linalotufanya kuwa watu.

Ndipo shangazi akaomba kusema. Alikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwa pale. Akasema: "Hapana. Kwa mama yetu beseni haikukuwa. Mutoto alikuwa anasimama na kibuyu cha maji, anakumiminia ku mikono, maji inaanguka chini. Anaanzia kwa muzee, anamalizia kwa mutoto mwenzake. Na mutungi, nani alitia mukono ndani? Ukitia kikombe chako ndani ya mutungi, mama alikuwa anakupiga. Kata ilikuwa moja, inatundikwa ku ukuta, haigusi kinywa cha mutu. Beseni ilikuja wakati wa vita, wakati maji ilikuwa ya kutafuta mbali na ya kununua. Ile si mila. Ile ni kukosa maji."

Nyumba ilikaa kimya. Baba mkubwa alitazama chini, kisha akasema: "Ni kweli. Hata mimi nilimiminia wazee." Siku ile mtoto alisimama na jagi, akatumiminia sisi sote, akianzia kwa shangazi.

Tumefikiri sana juu ya maneno yale. Mambo mengi tunayoyaita mila si mila. Ni umaskini uliokaa nasi muda mrefu mpaka tukauzoea, tukauvika nguo ya wazee. Maji yakipungua, watu sitini wananawa katika lita kumi. Mwaka unapita, watoto wanakua wakiona hivyo, nao wanasema: ndivyo walivyofanya wazee. Lakini wazee walikuwa na jambo lingine, nasi tumelisahau.

Hatutaki kuwasifu wazee kupita kiasi. Wao pia walikunywa maji ya ziwa mabichi, na vichaka vya kando ya maji vilikuwa choo. Wakati kijidudu hiki kilikuwa hakijafika, kosa hilo halikuleta kipindupindu, ijapokuwa lilileta maradhi mengine. Leo kimefika. Kwa hiyo mila nazo zinahitaji kupepetwa kama mchele: kuna ya kutupa, na kuna ya kupika.

Robine ikifunga

Maneno ya shangazi kwamba shida ni kukosa maji, tuliyakuta tena mahali ambapo hatukuyatazamia. Watafiti wa chuo cha afya na magonjwa ya nchi za joto cha London walichukua hesabu za maji yaliyotolewa kila siku na mtambo wa mji wetu, wakazilinganisha na idadi ya wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha kipindupindu cha Uvira, tangu 2009 mpaka 2014. Mwaka 2015 walitoa matokeo. Baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa wa siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, wakilinganishwa na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Tena wakakadiria kwamba kati ya wagonjwa 100, karibu 23 waliletwa na upungufu huo wa maji.

Tulisoma hesabu hizo zaidi ya mara moja. Baba mdogo aliugua katika miaka hiyo, na robine yetu ilikuwa kavu. Darasani tunafundisha kwamba mwaka 1854, katika mtaa mmoja wa London, daktari John Snow aliomba mkono wa pampu utolewe ili watu wasichote tena maji yenye ugonjwa. Kwetu ni kinyume. Kule pampu ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. Kwetu robine ikifunga ndipo watu wanashuka ziwani na mtoni, Mulongwe na Kalimabenge, na ugonjwa unapanda.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu, ukabomoa nyumba maelfu, na mabomba ya maji nayo yakaharibika. Mwaka uleule watu wa Uvira walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba hata waliopata dozi moja tu walikingwa karibu kwa nusu, mwaka mmoja na zaidi baada ya chanjo. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nusu ni nusu, na chanjo inachoka na miaka. Haichukui nafasi ya maji safi wala ya choo.

Mengine yanajulikana na hayahitaji fedha nyingi. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko India, serumu za mshipa zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, hata ndugu zao wakafundishwa kuwanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa mia mpaka chini ya 4 kwa mia. Ndicho mama wa binti yetu alichokifanya usiku ule, kwa kijiko na kikombe.

Tunavyofanya sasa

Katika familia yetu, leo matanga yanafanywa hivi. Mbele ya yote tunaweka bidoni mbili za maji yaliyotiwa klorini: moja ya kunywa, moja ya kunawa. Wakati wa mlipuko, vijana wanaosimama kando ya ziwa wakitia klorini katika bidoni za wachotaji hatuwapiti. Bidoni yenye mdomo mwembamba tunaipenda kuliko ndoo, kwa sababu mkono hauingii ndani: ni mtungi wa bibi, umebadilika sura tu. Watoto wawili wanasimama, mmoja na jagi, mwingine na sabuni. Wanaanzia kwa wazee. Hakuna anayeruka, kwa hiyo hakuna anayetengwa. Chakula kinaliwa kikiwa moto. Wanaopika hawachukuliwi kati ya waliouguza mgonjwa. Na kama marehemu amekufa kwa ugonjwa huu, mwili unaachiwa wenye kinga na klorini, lakini tunaomba ndugu mmoja asimame karibu, mahali salama, aone ndugu yake akizikwa na jina lake likitajwa. Hilo tuliliongeza kwa ajili ya shangazi. Mtu akizikwa mbele ya macho ya ndugu yake, hasira inapungua, na hasira ikipungua, watu hawafichi wagonjwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwetu kilimuumbua baba mdogo.

Shangazi amekwisha kutuacha sasa, kwa uzee. Katika matanga yake aliyeshika jagi alikuwa binti yetu, ambaye sasa ni msichana mkubwa. Alitumiminia maji mikononi, tukamwambia "Aksanti, mama," naye akapita kwa mwingine. Hajui tulichokuwa tunakikumbuka. Pengine atakijua akisoma kijitabu hiki.

Basi, wasomaji wapendwa, tunawaomba jambo moja. Nendeni kwa wazee wenu walio hai, muwaulize: kwenu zamani watu walinawa namna gani? Maji ya kunywa yaliwekwa wapi, na nani aliruhusiwa kuyagusa? Halafu linganisheni na yanayofanyika leo katika nyumba zenu. Na mtakapokaa katika matanga na beseni likawafikia, msinyamaze kama sisi tulivyonyamaza. Ombeni jagi. Wazee wakikasirika, waambieni ndivyo bibi zao walivyofanya, nao watakumbuka.